KUSHONA KWA VITAMBAA VYA BEI NAFUU: JINSI YA KUCHAGUA, KUKATA NA KUUZA BILA HASARA



Katika ukurasa huu tutaeleza kazi ambayo wengi wetu tunaijua kwa macho lakini si wote tunaoijua kwa hesabu. Ni kazi ya kununua nguo kuukuu, mapazia, mashuka na vipande vya vitenge kwa bei ndogo, kisha kushona mifuko, nguo za watoto, vilemba na vitu vingine vya kutumia nyumbani au kuuza. Maelezo haya ni kwa wenye cherehani na kwa wasio nayo pia, kwa sababu vitu vingi vilivyotajwa hapa vinaweza kushonwa kwa mkono.

KWA NINI TUZUNGUMZE JAMBO HILI

Kila mmoja wetu anajua hali ya mgao. Aprili 2020 Shirika la Chakula Duniani (WFP) lilipunguza mgao wa wakimbizi wa Uganda hadi asilimia 70. Februari 2021 ukashuka hadi asilimia 60. Katikati ya mwaka 2023 familia zikagawanywa katika makundi matatu kufuatana na uhitaji, na kundi moja likaambiwa linajitegemea. Mwaka 2025 mgao ulipunguzwa tena na familia nyingi sana ziliondolewa kwenye orodha. Kwa hiyo mtu anayeanza kazi ndogo leo hatafuti fedha ya anasa. Anatafuta chumvi, sabuni, ada ya mtoto na dawa.

Hapo ndipo hatari ilipo. Mtu mwenye akiba nyingi akipata hasara, atajaribu tena mwezi ujao. Mtu aliyetoa fedha ya unga ili anunue kitambaa, akipata hasara, watoto wanalala na njaa. Ndiyo maana katika makala haya tutatumia muda mwingi kueleza namna ya kuepuka hasara kuliko namna ya kushona maua mazuri.

MAMBO YALIYONIPATA MIMI

Mimi nilimaliza sekondari hapa Uganda, na mwaka 2021 nilikwenda Bwizibwera, mji mdogo ulio kwenye barabara ya kutoka Mbarara kwenda Ibanda, nikajifunza kushona kwa fundi mmoja mwanamke. Nilikaa kwake miezi minne. Nilifagia, nilitia mkaa kwenye pasi, nilifumua nguo za wateja, na mwisho nikaruhusiwa kukalia cherehani. Yeye alizungumza Kinyankole, nami nilielewa nusu. Nusu nyingine nilijifunza kwa kuangalia mikono yake.

Niliporudi Nakivale nilijiona nimekuwa fundi. Nilikopa shilingi 45,000 kwenye kikundi chetu cha akiba, nikaenda Mbarara mjini. Nilizunguka mchana kutwa, na jioni, jua likiwa limekwisha kuzama, nikapata mapazia manne makubwa kwa bei nzuri. Rangi ilikuwa nzuri na kitambaa kilionekana kizito. Nilishona mifuko 20 ya sokoni nikaiuza yote kwa shilingi 5,000 kila mmoja kabla shule hazijafunguliwa. Nilifurahi sana.

Baada ya wiki mbili mama mmoja alikuja mlangoni ameshika mfuko uliokatika mkono. Siku iliyofuata wakaja wawili. Mwishowe walikuja tisa. Mshono ulikuwa mzima, ila kitambaa chenyewe ndicho kilichochanika kando ya mshono. Niliwarudishia wote fedha zao, shilingi 45,000, sawasawa na deni nililokuwa nalo kwenye kikundi. Zile nyingine tulikuwa tumekwisha kuzila na kulipia dawa. Mama yangu aliuza kuku wawili na sehemu ya maharage ili nilipe deni kwa wakati, na mwezi ule nyumbani kwetu tulikunywa uji asubuhi na uji jioni.

Nilirudi Bwizibwera kumwuliza yule fundi. Alichukua kipande cha pazia, akakishika kwa vidole viwili vya kila mkono, akavuta. Kikapasuka kama karatasi. Akasema, "Mwanangu, pazia hili limekaa dirishani miaka mingi, jua limelimaliza. Wewe uliangalia rangi. Hukulivuta." Nilimsikia vizuri, hata kwa Kinyankole.

Nimeeleza habari hii ili wewe usilipe tena ada niliyokwisha kulipa mimi.

KITAMBAA CHA BEI NAFUU HUPATIKANA WAPI

1. Mivumba. Ndiyo mitumba, kama wanavyosema watu wa Kenya na Tanzania. Nguo hizi hufika zikiwa zimefungwa katika beli kubwa, mara nyingi za kilo 45. Nguo nzuri huchaguliwa mapema asubuhi na huuzwa ghali. Mwisho wa siku hubaki zile kubwa mno, zilizokatika zipu, au zilizopitwa na mtindo. Kwa mvaaji hizo hazifai, lakini kwa mshonaji ndizo zenye faida. Gauni kubwa la mtu mnene lina kitambaa cha kutosha magauni mawili ya watoto.

2. Mashuka, mapazia na vitambaa vya meza. Hivi vina kitambaa kipana kisicho na mishono katikati. Lakini vinahitaji uchunguzi mkali, kama nilivyoeleza.

3. Vipande vya mafundi. Fundi anayeshona vitenge hubaki na vipande kila siku. Wengine huvitupa au huvichoma. Mwombe kwa adabu, umpe kiasi kidogo au umsaidie kufagia, naye atakuwekea kwenye mfuko. Vipande hivi ni vipya, havijapigwa na jua.

4. Mwisho wa jora. Mwenye duka la vitenge akibakiwa na mita moja au chini ya hapo, hawezi kuiuza kwa mtu anayetaka nguo kamili. Hapo unaweza kupatana bei.

5. Nguo za nyumbani kwako. Kabla ya kutoa hata shilingi moja, fungua sanduku lako. Kikwembe kilichochanika upande mmoja bado kina upande wa pili.

JINSI YA KUCHUNGUZA KITAMBAA KABLA YA KULIPA

Fanya mambo haya saba. Usione haya mbele ya muuzaji. Fedha ni yako.

Kwanza, nunua mchana. Usinunue kitambaa jioni wala ndani ya kibanda chenye giza. Omba ruhusa ukitoe nje.

Pili, kiinue juu ukitazame dhidi ya mwanga. Matundu, sehemu zilizochakaa na sehemu zilizowahi kushonwa zitaonekana mara moja.

Tatu, kivute. Shika kwa vidole gumba na vya shahada, mikono ikikaribiana, uvute kwa nguvu kuelekea urefu, kisha kuelekea upana. Fanya hivyo sehemu tatu: juu, katikati na chini. Kwa pazia, vuta hasa upande uliopauka. Ukisikia nyuzi zinalia au zinakatika, rudisha, hata kama bei ni ya bure.

Nne, tazama sehemu zinazochakaa haraka: kwapani, magotini, kwenye viwiko, kwenye kola na kati ya mapaja. Sehemu hizo usizihesabu kama kitambaa. Hesabu mgongo, mapaja ya mbele na upande wa chini wa sketi.

Tano, lowesha kidole usugue. Kidole kikipata rangi, kitambaa hicho kitaharibu nguo nyingine wakati wa kufua. Usikichanganye na kitambaa cheupe.

Sita, kinuse. Harufu ya ukungu inaonyesha kwamba kitambaa kilihifadhiwa kikiwa na unyevu. Madoa madogo meusi ya ukungu hayatoki kwa urahisi, na nyuzi zake huwa dhaifu.

Saba, jua ni kitambaa cha aina gani. Ukiwa umefika nyumbani na kipande, chomoa uzi mmoja, ukaushike kwa kibanio au koleo, uuchome mahali pa wazi, mbali na nyasi, turubai na watoto. Pamba huungua kama karatasi, hunuka kama karatasi, na huacha jivu jepesi. Poliesta na nailoni huyeyuka na kuacha punje ngumu. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua. Faida ya kujua hili ni kwamba pamba hunyonya jasho na maji, kwa hiyo inafaa kwa nguo za watoto wachanga na taulo za hedhi. Poliesta hainyonyi sana wala hairudi, kwa hiyo inafaa kwa mifuko. Tena pasi yenye moto mkali huyeyusha poliesta.

KUSAFISHA KABLA YA KUKATA

Usikate kamwe kitambaa ambacho hujakifua. Kuna sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni afya. Nguo za mivumba zimepita mikononi mwa watu wengi. Zifue kwa sabuni na maji ya moto, zianike juani mpaka zikauke kabisa, kisha uzipige pasi pande zote mbili, hasa kwenye mishono. Pasi huua mayai ya chawa, na pia mayai ya yule nzi anayetaga kwenye nguo zinazoanikwa nje, ambaye funza wake huingia kwenye ngozi ya mtu na kusababisha jipu. Kama unaogopa upele, funga nguo ndani ya mfuko wa plastiki kwa siku nne kabla ya kuishika. Wadudu wa upele hawawezi kuishi siku nyingi mbali na mwili wa mtu.

Sababu ya pili ni vipimo. Pamba na vitenge vipya hurudi vinapofuliwa mara ya kwanza. Ukishona kwanza kisha mteja akafua, gauni la mtoto litapanda juu ya magoti, naye atasema umemwibia.

Unapofumua nguo kuukuu, usitupe kitu. Weka vifungo kwenye kopo, zipu kwenye kopo lingine, lastiki nzuri kando. Pindo lililokwisha kushonwa vizuri usilifumue, litumie kama lilivyo. Ukikata sketi ya mtoto kutoka sketi ya mtu mzima, pindo la zamani linaweza kuwa pindo la mpya. Shati la mwanaume lina mstari wa vifungo vilivyokwisha kufungwa. Kata gauni la mtoto ukiuacha mstari huo mgongoni, nawe umeokoa kazi ya saa nzima.

VITU VITATU VYA KUANZIA

A. Mfuko wa sokoni

Tafuta kitambaa kizito: pazia zima, jinzi au kitambaa cha viti. Kata vipande viwili vya mwili, kila kimoja upana sentimita 42 na urefu sentimita 45. Kata mikanda miwili, kila mmoja urefu sentimita 60 na upana sentimita 10. Hakikisha urefu wa mkanda unafuata nyuzi za urefu wa kitambaa, yaani sambamba na ule ukingo uliofumwa. Mkanda uliokatwa mshazari huvutika mpaka mfuko unaburuta chini.

1. Kunja mkanda mara mbili kwa urefu, kisha kingo zake ziingie ndani, mpaka upate upana wa sentimita 2 na nusu. Piga pasi. Shona kingo zote mbili.

2. Weka vipande vya mwili pamoja, sura zikiangaliana. Shona pande mbili na chini kwa kuacha sentimita 1. Rudia kushona juu ya mshono uleule. Kisha zungusha kingo kwa zigizaga au kwa mkono ili nyuzi zisitoke.

3. Juu, kunja sentimita 1, kisha sentimita 3, upige pasi. Ingiza ncha za mikanda chini ya pindo, kila ncha sentimita 10 kutoka pembeni. Inua mkanda juu ya pindo, ushone mraba mdogo na ndani ya mraba ushone msalaba. Hapo ndipo uzito wote unapokaa.

4. Jaza mfuko kilo tano za mahindi au mawe, uutundike usiku kucha. Ukikatika kwako, umekatika bila aibu. Mimi sasa siuzi mfuko ambao haujalala na mawe.

B. Sketi ya mtoto yenye lastiki

Pima nyonga za mtoto. Upana wa kitambaa uwe nyonga mara moja na nusu, uongeze sentimita 2 za mshono. Urefu uwe urefu unaotaka, uongeze sentimita 7: nne za juu kwa njia ya lastiki na tatu za pindo la chini. Kwa mfano, mtoto mwenye nyonga sentimita 60 na sketi ya urefu sentimita 35, kata upana 92 na urefu 42. Kama kitambaa kimoja hakitoshi, unganisha vipande vya vitenge viwili au vitatu, lakini viwe vya unene unaolingana. Kitenge kikiunganishwa na kitambaa chepesi, kile kizito kitakichana chepesi.

Lastiki iwe fupi kuliko kiuno cha mtoto kwa sentimita 4. Ipitishe kwa pini, uishone ncha kwa ncha, kisha ufunge mlango.

Kwa nguo za watoto wadogo, usiweke kamba shingoni wala vifungo vidogo vinavyoweza kung'olewa na kumezwa. Uzuri wa nguo hauzidi usalama wa mtoto.

C. Taulo ya hedhi ya kufua

Wasichana wetu wengi hukosa shule kwa sababu ya jambo hili, na si vizuri tulinyamazie. Taulo moja inahitaji kitambaa laini cha pamba au flaneli upande wa mwili, tabaka tatu za taulo kuukuu la kuogea au pamba katikati, na kitambaa kizito chini. Urefu uwe kama sentimita 25, na katikati upana kama sentimita 8, pamoja na mabawa mawili yanayokunjwa chini ya chupi na kufungwa kwa kifungo. Vitambaa vyote viwe vya pamba, vimechemshwa na kukaushwa juani kabla ya kukatwa. Usitumie nguo za ndani za mivumba.

Mwenye kutumia aifue kwanza kwa maji baridi, kisha kwa sabuni, aianike juani. Wengi huificha chini ya godoro kwa haya, ikabaki na unyevu na kuleta maradhi. Ianikwe juani, hata kama ni chini ya kitambaa chembamba. Wala isiazimwe kwa mtu mwingine.

HESABU: HAPA NDIPO WENGI TUNAPOANGUKA

Tutoe mfano wa pazia moja la upana sentimita 140 na urefu sentimita 220. Linatoa mifuko 5, pamoja na nafasi ya kukwepa sehemu iliyochakaa. Bei hizi ni za mfano tu. Wewe weka zako.

Pazia: shilingi 8,000
Uzi: shilingi 1,000
Sabuni na mkaa: shilingi 1,500
Sehemu ya nauli: shilingi 3,000
Kukodi cherehani: shilingi 2,000
Jumla: shilingi 15,500

Gawanya kwa mifuko 5, kila mfuko umekugharimu shilingi 3,100. Wengi husema, "Nikiuza 3,500 nina faida." Wamesahau kazi yao. Kama umefanya kazi saa tano, na unajilipa shilingi 1,500 kwa saa, ongeza 7,500. Sasa jumla ni 23,000, na kila mfuko ni shilingi 4,600. Ukiuza kwa 5,000 unabaki na shilingi 400 kwa kila mfuko baada ya kujilipa.

Sasa tazama. Mfuko mmoja tu ukiharibika, unapata 20,000 kwa mifuko minne. Faida imekwisha, na mshahara wako wa saa tano umeshuka kutoka 7,500 hadi 4,500. Mfuko wa pili ukirudishwa, unabaki na 15,000, ambazo hazirudishi hata ulichotoa mfukoni. Kwa hiyo unaona kwamba kuvuta kitambaa sokoni kwa dakika moja kuna thamani kuliko kushona saa nzima. Wahenga walisema rahisi ni ghali, na mimi nilijifunza maana yake kwa kuku wa mama.

Andika hesabu hizi kwenye daftari, hata kama ni mfuko mmoja. Asiyejua kuandika amwombe mtoto wake anayesoma.

MASHARTI YA KUINGIZA FEDHA

1. Usianze kwa mkopo. Anza na nguo ulizo nazo nyumbani, halafu faida ya kwanza inunue kitambaa cha pili.

2. Usiuze chakula cha watoto ili ununue kitambaa. Kitambaa kinaweza kungoja mwezi ujao, tumbo la mtoto haliwezi.

3. Usinunue beli zima peke yako. Huwezi kuiona ndani kabla ya kulipa. Kama mnataka kununua kwa wingi, muwe watu watano au zaidi, mwandike makubaliano, na mgawane hasara kama mnavyogawana faida.

4. Shona vitu viwili au vitatu vya kwanza, uviuze, usikilize wateja, ndipo ushone kumi.

5. Ukikopa kwenye kikundi cha akiba, kopa kiasi ambacho ungeweza kukilipa hata kama hukuuza chochote.

CHEREHANI

Cherehani ya kukanyaga ndiyo inayotufaa, kwa kuwa haihitaji umeme. Kama huna yako, kodi kwa saa, au jiungeni watu wanne mnunue moja na kupanga zamu. Mashine ya watu wengi hufa haraka kama haina mwenyewe, kwa hiyo chagueni mmoja wa kuitunza. Kila wiki aondoe vumbi na nyuzi chini ya bamba la sindano, atie matone machache ya mafuta ya cherehani, asitie mafuta ya kupikia, ambayo huganda. Sindano namba 14 inafaa kwa vitenge na mashuka, namba 16 kwa jinzi na mapazia mazito, namba 11 kwa vitambaa vyepesi. Sindano butu huruka mishono, na watu husema mashine ni mbovu kumbe ni sindano tu.

HAKI NA RUHUSA

Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi. Lakini ukifungua kibanda au meza sokoni, kuna taratibu za ushuru na leseni. Waulize viongozi wa RWC wa kijiji chako au ofisi ya OPM kabla ya kuanza, na uombe risiti kwa kila unacholipa. Ukienda Mbarara, chukua kitambulisho chako cha mkimbizi.

JE, MIVUMBA ITAENDELEA KUWEPO?

Watu wengi wananiuliza swali hili. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa polepole nguo kuukuu ili viwanda vya nguo vya kwetu vipate soko. Rwanda ilipandisha ushuru mwaka ule kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na nusu kwa kilo, na mwaka 2018 Marekani ikaiondolea Rwanda nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Agosti 2023, Rais Museveni alitangaza mjini Mbale kwamba nguo za mivumba zipigwe marufuku Uganda. Tangazo hilo halikumaliza biashara hii masokoni, lakini hoja yenyewe haijafa.

Wapo wanaosema mivumba inaua viwanda, na wapo wanaosema inavalisha maskini. Wote wana sababu. Kwetu sisi somo ni hili: usitegemee mlango mmoja. Anayejua kutumia vipande vya vitenge na mwisho wa jora hataanguka hata mivumba ikipanda bei.

Tena tusidharau kazi hii. Mjini Kampala mwanamitindo Bobby Kolade, wa Buzigahill, alianza mwaka 2022 kufumua nguo za mivumba, kuzishona upya na kuziuza kwa watu wa nchi zilekule zilikotoka. Wanawake wa Bengali tangu zamani hushona matandiko kwa sari kuukuu, tabaka juu ya tabaka. Wanawake weusi wa Gee's Bend, jimbo la Alabama huko Marekani, walishona mablanketi kwa nguo kuukuu za shamba ili watoto wao wasipigwe na baridi, na mwaka 2002 mablanketi hayo yaliwekwa kwenye jumba la makumbusho la Houston watu wakaja kuyatazama. Nao walianza na vipande.

KWA KUMALIZIA

Kumbukeni mambo matano: nunua mchana, vuta kitambaa, fua kabla ya kukata, hesabu kazi yako, na usikope usichoweza kulipa.

Wale tisa niliowarudishia fedha, saba wamekuwa wateja wangu mpaka leo. Mmoja wao, mama wa Kisomali, aliniambia kwamba alirudi kwa sababu nilimlipa siku ileile bila maneno. Mwaka jana nilimnunulia mama yangu kuku watatu badala ya wale wawili. Akanicheka, akasema riba imezidi.

Mwenye kutaka kujifunza kukata mfuko au sketi aje na mkasi, sindano, uzi na nguo moja kuukuu kutoka nyumbani, aulize kwa watumishi wa jamii wa kijiji chake. Asiye na mkasi aje hivyo hivyo, tutaazimana.

Haba na haba hujaza kibaba. Kazi njema.